Kabati Lililovaa Nailoni Miaka Kumi na Mmoja

Villa María del Triunfo,
Lima.

Jumapili, 20 Julai 2003.

Mpendwa mdogo wangu Abdón,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri, na joto la huko Milano mnalolilalamikia kila mwaka halijakulaza. Yule mzee wa Kiitaliano unayemtunza anaendeleaje? Bado anakataa kuoga mpaka umwimbie? Msalimie, ingawa hanijui.

Sisi huku tupo. Siwezi kusema hatujambo kabisa, lakini tupo. Manyunyu hayajakatika tangu mwisho wa Juni, ukuta wa jikoni umeota kuvu tena, na nguo nilizoanika Jumatano hadi leo ukizikamua zinatoa maji. Unaujua mwezi wa Julai wa hapa, huna haja ya kuelezwa.

Mama anakula ukimshikisha kijiko. Magoti yanamsumbua wakati wa kuinuka, akishainuka anatembea. Kila siku ananiuliza huko kwenu ni mchana au usiku, nikimjibu anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitisha jambo fulani. Mimi mgongo unaniuma na mikono imebabuka, sababu utaiona mbele.

Siku ile niliyokupigia simu kukuambia baba amefariki, nilikusikia ukivuta pumzi, kisha kadi ikaisha. Sikuwa na nguvu ya kwenda kununua nyingine. Nisamehe kwa hilo. Na wewe usijilaumu kwa kutokuja. Bila karatasi ungetoka huko usirudi tena, na hapa kila mtu analijua hilo. Wasiolijua wanasema pembeni, nami nimechoka kusikiliza ya pembeni.

Tulimzika vizuri. Kulikuwa na kinubi na fidla, na watu wa soko alikobeba magunia walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, wazee wote, migongo imepinda kama wake. Kaburi liko juu kabisa kilimani. Wabebaji walipumzika mara nne, na mara ya nne nilidhani wangemwacha hapohapo.

Sasa nikuambie kilichonikalisha na kalamu. Ni habari ya kabati lako jeupe.

Najua ukifika hapo utataka kuikunja barua. Tafadhali usiikunje. Mimi sikuwapo ulipolileta; nilikuwa Ica kwenye mashamba ya pamba, na yule mwanamume ambaye siku hizi simtaji. Ninachokijua ni kile ulichoniandikia mwaka ule. Kwamba ilikuwa kazi yako ya kwanza peke yako katika karakana ya fundi Porfirio, milango miwili na droo tatu, mbao za melamini zenye uso kama plastiki, nyeupe pe. Kwamba baba aliligonga kwa kifundo cha kidole, akauliza ndani kuna nini, ukamjibu ni maranda yaliyoshindiliwa, naye akasema "Kumbe," basi. Kwamba ulipotaka kuibandua ile nailoni nyembamba ya kiwandani inayolinda uso wa ubao, alikupiga mkononi mbele ya mama na kukuambia uache. Uliniandikia kwamba mzee hata kulivua nguo hakutaka, kama mtu anayengoja kuirudisha bidhaa dukani. Wiki tatu baadaye uliondoka, na yeye hukumuaga.

Niliporudi nyumbani miaka minne iliyopita, kabati hilo halikuwa jeupe tena. Lilikuwa la manjano, manjano ya meno ya mvutaji, zaidi kwenye milango. Mimi niliona jibu liko wazi. Baba alivuta sigara chumbani humo kila siku ya Mungu. Nikamwambia. Nilimwambia leo, nikamwambia kesho, nikamwambia miaka minne. Kwamba anaiharibu kwa moshi kazi ya mwanawe, kwamba hata kama haipendi angemheshimu aliyeitengeneza. Alikuwa akinitazama, anakwenda dirishani, analifungua, baridi yote ya Julai inaingia, na mama anaanza kukohoa. Niliona ni ukaidi. Nilisema hivyo pia.

Shangazi Teófila alishuka kutoka Huamanga na basi, saa kumi njiani, na mfuko wa majani ya koka mapajani. Alipofika hakulia. Alisema atalia akishamaliza kazi. Unajua alivyo mkali kwa mambo ya siku ya tano: kila alichovaa marehemu na kukigusa kifuliwe, na kisichotakata kichomwe kabla jua halijazama, asije akawa na cha kurudia. Jua lenyewe hatukuliona siku nzima, lakini shangazi alikuwa na saa.

Binamu zetu walipewa nguo, wakafulia uani kwenye mabeseni kwa kuwa mto hatuna. Mimi nikapewa chumba. Nilikuwa nimeshafuta kitanda na kiti chake aliposimama shangazi mbele ya kabati, akapitisha kiganja juu ya mlango.

"Na hili?"

"Hilo nitalifuta, shangazi."

"Kufuta kitu gani? Limelowa ugonjwa wake hili. Tazama rangi."

"Ni moshi tu."

"Na moshi ulitoka wapi, mwanangu? Si kifuani mwake?"

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shali hadi puani. Akasema, bila kuinua kichwa, "Hilo halitoki humu."

"Wifi, nisikilize. Uchafu wake ukibaki, kaka yangu atauzunguka kama mbwa aliyefungwa. Utaweza kulala?"

"Basi lioshwe."

"Likitakata, nitanyamaza. Lisipotakata litaungana na godoro." Godoro lilikuwa tayari uwanjani, pamoja na ile kofia yake iliyotoboka, vinangoja kiberiti.

Wote wawili wakanigeukia. Mwanamke akiachika akarudi kwao, Abdón, likisemwa "lioshwe" mwoshaji huwa ni yeye.

Nilianza na maji ya uvuguvugu na sabuni. Nikafuta mlango wa kushoto wote, nikakamua kitambaa, na maji yakatoka safi. Nikafuta tena. Safi. Moshi wa miaka kumi na mmoja ungetoa maji ya chai, mimi nimesafisha jiko la mkahawa huko Ica, najua moshi wa mafuta na wa sigara unavyotoka. Nilipaswa kusimama hapo nifikirie. Lakini nilikuwa sijalala vizuri kwa siku tisa, na mtu asiyelala hafikiri, anasugua.

Mama akasema nitumie dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Kwa mama dawa hiyo hutibu kila kitu, kuanzia choo hadi nyanya. Nikaimimina kwenye dodoki, nikapaka, nikangoja. Chumba kikanuka hospitali, shangazi akatoka nje anakohoa na kunilaani, na kabati likabaki vilevile. Nikajaribu dawa ya meno. Nikajaribu limau na magadi, yakatoa povu zuri sana, na chini ya povu manjano ileile ikanitazama. Mwisho nikachukua waya wa kusugulia sufuria. Najua wewe fundi ukisoma hapo utashika kichwa. Nilikuwa nimefika huko.

Shangazi alirudi akasimama mlangoni. "We Maura, unasugua au unabembeleza?"

"Njoo usugue wewe, shangazi."

"Mimi nina miaka sabini na tisa. Na kaka yangu amekufa."

"Na mimi baba yangu amekufa."

Akaitazama saa yake. Kisha akasema kwa upole, jambo lililonichosha kuliko ukali wake, "Saa tisa hii, mwanangu. Nitawaambia walitoe."

Nilimwambia asubiri. Hapo mama alikuwa amesogea, amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye droo za kabati, magoti yake hayohayo. Nilijua wakija kulibeba watambeba na yeye, na sikujua nimsaidie nani. Ningekuwa na nguvu ningelia.

Ndipo alipoingia fundi Porfirio, na mkate wa rambirambi umefungwa kwenye kitambaa. Amezeeka, vidole viwili vimebaki vifupi tangu ile ajali ya msumeno, lakini pua bado ya fundi. Hakusalimia.

"Nani kamwaga dawa hii hapa?"

Nikasema mimi.

"Unataka ubao uvimbe? Inaingia kwenye maungio, binti, maranda yanaumuka kama mkate." Akainama, akaangalia mikwaruzo ya waya, akapapasa. Akapapasa tena. Kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo cha mtu aliyeko msibani. "Umeosha koti mchana kutwa. Mwenye koti yuko ndani."

Akaingiza ukucha kwenye kona ya juu ya mlango wa kushoto na kuinua. Ikainuka ngozi nyembamba, kavu, ya manjano, ikakatikia mkononi mwake kama ganda la kitunguu.

Ilikuwa nailoni, Abdón. Ile nailoni yako. Haikuwa imetoka hata siku moja. Mimi nilidhani ilishabanduliwa zamani. Imekuwa kavu na kunywea mpaka jicho halitofautishi. Waya wangu wote uliishia juu yake. Na manjano haikuwa moshi. Fundi alinionyesha chini ya ganda: gundi. Ile nailoni imewekwa ikae wiki, mwezi, mpaka kabati lifike kwa mwenyewe, alisema. Ukiiacha miaka, gundi yake inaoza, inageuka manjano, inashika. Kadiri unavyolihifadhi kabati ndivyo unavyoliharibu.

"Nani aliyewaambia muiache?" akauliza.

Tukamtazama mama. Yeye akatutazama kama sisi ndio wajinga.

"Nilidhani mnajua," akasema, kwa lugha yetu ya kule Huamanga, si ya mjini, kwa hiyo shangazi akasogea kusikia. "Nyumba hii haijawahi kuingiza kitu kipya. Kitanda tulipewa. Meza tuliokota. Sufuria zangu zilikuja na masizi ya watu wengine. Abdón akaleta kitu cheupe hivyo, kinang'aa, kina harufu ya dukani. Baba yenu aliogopa kukigusa. Kwa jirani Delfina hapo makochi yalivaa nailoni mpaka watoto wakaoa, na baba yenu akataka kabati letu nalo livae. Mtoto akavuta kona. Mkono ukamtoka mzee kabla ya mdomo, basi."

Nikamuuliza kwa nini hakukueleza.

"Lini? Alikuwa akitafuta maneno. Yeye maneno alikuwa akiyatafuta kwa wiki. Alipoyapata, mtoto yuko kwenye ndege."

Fundi Porfirio alikuwa amevua kofia. Mama akaendelea, sasa akiongea na kabati zaidi ya sisi.

"Ndipo akasema, asiibandue mtu. Aliyelitengeneza ndiye atakayelivua siku akirudi. Alikute jipya."

Kila Jumamosi, mama anasema, wakati mimi niko sokoni, baba alikuwa akilifuta juu ya nailoni kwa kitambaa chenye unyevu, na mgongo ule. Na alipovuta sigara alifungua dirisha. Hata Julai. Alikuwa akiutoa moshi nje, Abdón, ili usilifikie. Mimi nilimwita mkaidi.

Miaka minne nilimlaumu kwa kosa ambalo hakulitenda, na hakunijibu. Nimekaa na jambo hilo wiki mbili sasa na sijui niliweke wapi. Ningekuwa na wewe karibu ungenicheka, tungepeana nusu nusu. Nakuandikia ili uchukue nusu yako. Wewe ulidhani hakulitaka kabati lako, mimi nilidhani hakuliheshimu, na mzee alikuwa pale kila Jumamosi anapangusa.

Kazi tuliyoifanya baadaye nakueleza kwa kuwa ni ya ufundi wako, na kwa kuwa utaihitaji. Fundi Porfirio alinituma kwa yule binti wa saluni jirani kuazima mashine ya kukaushia nywele. Tukaipuliza nailoni hewa ya moto kwa mbali, isiungue, polepole, kipande cha upana wa kiganja, na wakati kingali na moto unakivuta kwa kukilaza, si kwa kukiinua. Kikikatika unapasha tena. Kisu marufuku. Ilitoka vipande vipande, vingine vikubwa kama ukurasa huu, vingine kama kucha.

Ikabaki gundi, nzito kama ulimbo, inayonasa vumbi. Hapo ni mafuta ya kupikia kwenye kitambaa, unapaka, unaacha kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, unafuta. Halafu spiriti kwenye kitambaa kingine cheupe, unafuta kwa mduara, unageuza kitambaa kila kikishika manjano. Nilimaliza shuka moja zima la zamani. Vidole vikakauka na kupasuka, ndiyo hii mikono niliyokutajia. Kingoni, pale nailoni iliponywea na kuacha mstari, ilibaki alama kama ya chai, na hiyo niliipunguza kwa magadi yaliyolowa kidogo na kidole changu, bila waya. Haijaisha yote. Na chini kabisa kushoto, karibu na sakafu, pamevimba kidogo kwa ile dawa yangu. Hilo ni langu, baba hahusiki.

Lakini ule mlango wa kushoto na zile droo, Abdón, ni nyeupe. Nyeupe ulivyoiacha wewe. Kwenye droo ya kati niliona alama ya penseli ukingoni, namba mbili zimekatwa na moja imezungushiwa duara. Fundi alisema, "Alikuwa hajiamini kupima, huyo." Akaipitishia kidole na hakutaka niifute. Sikuifuta.

Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili tulipofika mlango wa kulia. Nilikuwa nimeshawasha mashine mkononi. Mama akaweka kiganja chake juu ya mlango.

"Huu muuache."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Lakini mlango ulikuwa wa manjano kama mwanzo, saa ya shangazi ilikuwa mkononi mwake, na moto uwanjani ulikuwa umekwisha kuwashwa; godoro lilikuwa linanuka mpaka ndani. Nilimwangalia shangazi Teófila. Nilikuwa tayari kumwambia achome chochote anachotaka ili nilale.

Shangazi alichukua beseni langu, akamwaga yale maji machafu, akaweka mengine. Akapandisha mikono ya sweta. Akaosha mlango ule kwa sabuni, juu ya nailoni, toka juu hadi chini, kila kona, kama anayemwogesha mtu. Akasuuza mara mbili. Akaukausha kwa sketi yake mwenyewe.

"Umeoshwa," akasema. "Nimeuosha kwa mkono wangu. Kilichooshwa hakichomwi." Kisha akakaa kwenye kiti cha baba, wa kwanza kukikalia, na hapo ndipo alipolia.

Alimwaga majivu sakafuni kabla ya kulala, kama kwao, ili asubuhi zionekane nyayo za marehemu. Asubuhi tulikuta yamevurugika mbele ya kabati tu, si penginepo. Shangazi alisema kaka yake alikuja kuangalia mlango. Mimi nilisema ni paka wa jirani. Sikubishana sana, nimebishana na mzee huyo vya kutosha.

Kuna jambo moja mama hakulisikia. Fundi Porfirio alipokuwa anaaga alirudi chumbani, akaubonyeza mlango wa kulia kwa dole gumba, akaweka sikio, sijui mafundi mnasikiliza nini. Aliniambia uani, "Huu umebakiza miaka miwili. Ukibahatika, mitatu. Baada ya hapo nailoni na uso wa ubao vitakuwa kitu kimoja, na hata mimi sitaweza kuvitenganisha." Nimekuandikia kama alivyosema, sijaongeza. Mama ana miaka sabini na minne. Hilo pia sijaongeza.

Sikuandikii ili nikuvute kwa machozi. Najua karatasi zako zinategemea ofisi ambazo hazimjui mtu, najua unamwogesha baba wa mtu mwingine ili tule, na najua hukuweza kumwogesha wako. Mimi nilimwogesha kwa niaba yako, siku ile ya mwisho. Alikuwa mwepesi sana. Nimechoka, Abdón. Si kwa kazi hizi tu. Nimechoka kuwa mimi pekee hapa ninayekumbuka sauti yako ilivyo nje ya simu.

Jirani Delfina anakusalimu na ameapa kuyavua makochi yake, ingawa hadi leo hajayavua. Shangazi Teófila amerudi Huamanga na anasema ukimpigia usipige wakati wa kukamua ng'ombe. Fundi Porfirio anakukumbuka, na anasema ile benchi yako haijapewa mtu, imewekewa makopo ya rangi tu. Mama anakubusu kichwani, mahali pale penye kovu. Mungu akulinde unapotoka na unapoingia, akufungulie mioyo ya hao watu wa ofisi, na mikono yako isisahau kazi yake.

Kila Jumamosi sasa ni mimi ninayeufuta mlango wa kulia, juu ya nailoni. Kona ya chini, upande wa bawaba, nimeipasha kidogo na kuinyanyua, upana wa kucha tu, upate pa kuanzia.

Ni mimi dada yako, mwenye mikono inayonuka spiriti na moyo unaokupenda palepale ulipouacha,

Maura